Ijumaa za Mwanahamisi

Mwezi uliopita nilikwenda Keko kutafuta kabati la nguo. Fundi alikuwa anakata plaiwudi mpya juani, na ile harufu ya gundi iliyopata moto ikichanganyika na vumbi la mbao ilinifanya nikae ghafla kwenye kochi ambalo halijavishwa kitambaa. Fundi akaniuliza kama nina mimba. Nilimwambia ni jua tu, kwa sababu huwezi kumweleza mtu aliyeshika msumeno kwamba amekukumbusha jinsi wazazi wako walivyoachana.

Nyumba niliyokulia ilinuka hivyo. Ilikuwa fleti Al Qusais, Dubai, na mpangaji mkuu alikuwa ameikatakata kwa plaiwudi mpaka sebule ikazaa vyumba vitatu. Chetu, mimi na baba na mama, kilikuwa na nusu ya dirisha. Nusu ya pili ilikuwa ya Auntie Nakato, Mganda, mlinzi kwenye mnara mmoja wa ofisi kule Jumeirah Lake Towers. Chumba kisicho na dirisha alikaa Ami Suleiman, Mzanzibari mtu mzima, mpishi wa kafeteria. Kuta hazikufika darini, ili kiyoyozi kimoja kitutoshe wote, na sauti nazo zilipita hukohuko juu. Mtu akikohoa tulijua ni nani, na mara nyingi tulijua pia amekula nini.

Baba alikuwa dereva wa basi la vibarua wa ujenzi. Lakini huko nyuma, Tanga, kabla sijazaliwa, alikuwa na kazi ambayo ninyi wa rika langu hamhitaji kuelezwa: alitafsiri filamu. Alikaa na maiki pembeni ya televisheni kwenye kibanda cha video, filamu ya Kichina au ya Kihindi ikienda, na yeye akiwasemea wote waliomo, mwanamume, mwanamke, mtoto, hata farasi. Kichina hakukijua na Kihindi hakukijua. Aliangalia macho na midomo, akatia maneno. Alipenda kujisifu kwamba watu hawakuja kuona picha, walikuja kumsikia yeye, na mimi nilimwamini, maana sauti yake ilikuwa nene na tamu, sauti ambayo hata ikikukataza kitu unataka iendelee.

Dubai maiki hakuwa nayo, lakini Ijumaa alikuwa nayo. Baada ya swala na chakula cha mchana alitandika mkeka chumbani kwetu, akaunganisha kompyuta yake chakavu na televisheni, na majirani wakaingia. Wachina alikuwa ameachana nao. Mfilipino mmoja wa gereji alimpa flashi iliyojaa filamu za Kijapani za samurai, na baba alizipenda zile zenye wanawake wapiganaji kuliko nyingine zote. Sikuwahi kumwuliza kwa nini.

Nawaona mpaka leo. Mwanamke amepiga magoti mbele ya kioo, hasemi neno. Anachukua kamba nyeupe, ncha moja anaiuma kwa meno, anaizungusha begani na kwapani mpaka ile mikono mipana ya kimono imebanwa nyuma. Kwetu kibwebwe hufungwa kiunoni, kwao hufungwa mabegani, lakini uso wa anayekifunga ni uleule, kwani nilishauona kwa mama akijiandaa kusugua sakafu. Kisha anachomeka kisu kidogo kwenye mshipi, kifuani, na anachukua ule mkuki wao mrefu, ncha yake ubapa uliopinda kama mundu. Wanaume wamekwenda vitani, au wamekufa, au wamelewa. Anatoka nje peke yake kwenye theluji, na kwa muda hakuna kinachotokea, upepo tu. Hapo chumba chote kilishika pumzi, hata Auntie Nakato aliyezoea kutafuna karanga kwa kelele.

Baba aliwaita wote Mwanahamisi. Watafsiri wote huwapa wageni majina ya kwetu ili watu wasichanganyikiwe, lakini wengine huwabadilishia kila filamu. Baba hapana. Awe binti wa miaka kumi na saba au mjane mwenye mvi, alikuwa Mwanahamisi, na hakumsemea kwa sauti nyembamba ya kuchekesha. Alimsemea taratibu, kwa sauti yake mwenyewe, ameishusha kidogo. Mimi nikaamini kwamba ni mwanamke mmoja. Alikufa kwenye theluji, alikufa ngazini, alikufa akiwa amemlalia mtoto wa mtu mwingine, na Ijumaa iliyofuata yuko mzima, nywele tu zimebadilika. Sikumlilia hata siku moja, maana nilijua atarudi. Nilijua kwamba kinachotokea Ijumaa hufutwa na Ijumaa nyingine.

Chini ya picha kulikuwa na maandishi ya Kiingereza. Nilikuwa nimeshajua kusoma, na shuleni kwetu madam alipenda kunisimamisha nisome kwa sauti mbele ya wenzangu. Siku moja nilimwambia baba kwamba alichosema yeye sicho kilichoandikwa. Hakukasirika. Alisema maandishi ni ya watu wasiojua kuangalia uso. Basi nikaamua kuna maneno ya aina mbili, ya chini ni ya Wazungu na ya baba ni yetu, na yote ni kweli. Niliacha kusoma.

Mama hakuja kuangalia. Alikuwa mfagizi kwenye zahanati moja Oud Metha, na Ijumaa ilikuwa siku yake ya kupika vya wiki nzima. Alisema hana haja ya kuona Wajapani wakikatana wakati ana kuku wa kukata. Lakini jiko la pamoja lilikuwa nyuma ya ukuta wetu, na kama nilivyosema, kuta hazikufika darini.

Kisha bibi, mama yake mama, akaugua Tanga. Ilikuwa karibu na Ramadhani. Mama aliomba kwenda. Viza yake ilikuwa chini ya jina la baba, na pasipoti zetu zote baba aliziweka ndani ya bati la biskuti juu ya kabati. Baba akasema, "Subiri, Mama Zuhura. Ramadhani ikipita tutakwenda wote, inshallah."

Bibi hakusubiri. Mama alipata habari kwa simu akiwa jikoni. Hakupiga kelele, alizima jiko, akaja kukaa kitandani na simu mapajani. Siku zile nilidhani baba ni mkatili. Leo nadhani aliogopa. Wanawake wawili wa jengo letu walikwenda likizo kwao, na kilichorudi ni ujumbe wa simu.

Tangu hapo mama alimwambia baba yale ya lazima tu. Chakula tayari. Maji yamekatika. Mtoto ana homa. Nyumba yenye kuta kamili inaweza kuvumilia hali kama hiyo. Yetu haikuweza, maana kimya chao kilisikika vyumba vyote vitatu, na Ami Suleiman alianza kupunguza redio yake kana kwamba kuna mgonjwa.

Sasa, watu wa Tanga hatugombani uso kwa uso. Tunatupiana mafumbo, na fumbo lisipofika tunalivaa kwenye kanga. Baba hakuvaa kanga, lakini alikuwa na Mwanahamisi. Ijumaa moja yule mwanamke wa kwenye picha alikuwa anapiga magoti kaburini, na baba akamtia maneno: "Aliyekufa hafufuki kwa kumnunia aliye hai." Nyuma ya ukuta mwiko ukaacha kugonga sufuria. Ijumaa nyingine Mwanahamisi alisema kwamba mke wa shujaa hulinda ngome ya mumewe, hata kama moyo wake uko kwao. Mimi niliona ni maneno mazuri sana. Nilikwenda kumrudia mama jikoni neno kwa neno, nikidhani namletea zawadi.

Ile Ijumaa ninayotaka kuwaambia, filamu ilihusu mwanamke aliyeolewa mbali. Ngome ya kwao imezingirwa, mama yake mzee yumo ndani, na yeye amejifunga kamba zake, mkuki uko pembeni, amekuja barazani kwa mumewe, bwana wa ngome. Theluji inaanguka nyuma yao. Baba alianza, kwa sauti ya Mwanahamisi: "Bwana wangu, nimekuja..."

"Huyo leo namsemea mimi," mama alisema.

Alikuwa mlangoni. Mikono ilinuka vitunguu na kanga ilikuwa kiunoni. Aliingia, akakaa mwisho wa mkeka, macho kwenye televisheni. Auntie Nakato akapiga makofi. "Eh, Mama Zuhura! Leo tutaona mambo."

Baba alicheka kidogo, kwa wasiwasi. Kisha akachukua sauti ya bwana wa ngome, ile nzito ya tumboni. "Sema, Mwanahamisi."

"Bwana, mama yangu alikuwa anaumwa. Nilikuomba ruhusa nikamwone, ukaniambia nisubiri."

"Nilikuambia usubiri kwa sababu njia ilikuwa na theluji."

"Theluji ilikuwa moyoni mwako. Njia ilikuwa wazi na ndege zilikuwa zinaruka."

Auntie Nakato akaanguka kwa kicheko. "Ndege! Hao watu wa zamani walikuwa na ndege?"

"Mwanamke wa vita haachi ngome," alisema baba.

"Ngome ipi? Hii ya mbao, yenye dirisha nusu?"

Tulicheka wote isipokuwa Ami Suleiman. Mimi nilicheka kuliko wote. Tangu msiba sikuwa nimewasikia wakisemezana namna ile, sentensi ndefu, mmoja akimjibu mwenzake, na mama alikuwa hodari, alijua kungoja midomo ya yule mwanamke ifunguke ndipo atie maneno. Nilifikiri wamepatana. Nilifikiri kuanzia siku hiyo watatafsiri wote wawili.

"Mama yangu amezikwa na majirani," mama aliendelea. "Nani alimwosha? Nani alimfunga kidevu? Jina la aliyemwosha sijui mpaka leo, bwana wangu."

Kwenye picha bwana wa ngome alikuwa amesimama, ameuacha upanga wake sakafuni. "Basi unataka nini?" baba akasema.

"Nataka pasipoti yangu. Na talaka yangu."

Yule bwana alimsogelea mke wake, midomo ikafunguka. Baba akasema, "Chukua. Nimekuacha. Nenda kwenu."

Mimi nilipiga makofi. Ami Suleiman akainuka kwenye kiti chake, akainama, akabonyeza kompyuta, na picha ikasimama.

"Baba Zuhura," alisema kwa upole, "neno hilo kalisema Mjapani au umelisema wewe?"

"Ni filamu, Ami. Tunacheza."

"Talaka haina mchezo, bwana. Ndoa, talaka na rejea, mzaha wake kweli. Hili wewe walijua."

"Lakini hii ni sinema tu," alisema Auntie Nakato. "Mutu anaweza kuacha bibi yake ndani ya sinema?"

Mama alirudi jikoni kwa sababu kuku alikuwa anaungua.

Baada ya alasiri baba alikwenda msikitini kumwona sheikh. Aliporudi alisimama mlangoni, na nafuu ilionekana usoni kwake. "Sheikh amesema hivi. Kama nilikuwa nasimulia maneno ya mtu mwingine, hakuna kilichopita. Msimuliaji haachi mke. Ila kama yalikuwa yangu, imepita talaka moja, hata kama nilikuwa nacheka."

"Nawe ukamwambia nini?" aliuliza mama.

"Nimemwambia nilikuwa nasimulia."

"Zuhura anajua kusoma."

"Muache mtoto, Mama Zuhura."

"Namwuliza anayejua. Siwezi kulala chumba kimoja na mtu nisiyejua kama ni mume wangu au si mume wangu."

Picha ilikuwa bado imesimama palepale, maana hakuna aliyethubutu kuigusa. Mama alinishika bega, akanipeleka mbele ya televisheni. Ami Suleiman alikuwa amekuja mlangoni, shahidi bila kuitwa. Nilisoma kama nilivyosoma mbele ya madam, nimesimama wima, Kiingereza kwanza. Kisha nikatafsiri. "Anasema, usiende. Bila wewe hii si nyumba, ni mawe tu."

"Soma tena," alisema mama.

Nikasoma tena.

"Hakuna mahali anaposema nenda?"

"Hakuna."

Nilimtazama baba, nikingoja sifa. Alikuwa anaangalia yale maandishi. Kiingereza chake kilikuwa cha barabarani, cha kushoto na kulia na simama, na niliona kwamba ameyasikia maneno yale kwa mara ya kwanza. Yule Mjapani alikuwa amesema kitu ambacho baba alikitafuta kwa miezi yote ile, na yeye alikuwa amemfunika kwa sauti yake. Midomo ya baba ilicheza kidogo. Mama alisubiri, na mimi na Ami Suleiman tulisubiri.

"Basi," alisema Ami mwishowe.

"Khalas," alisema mama, akaanza kukunja nguo zilizotoka kwenye kamba.

Watu wakisikia hadithi hii huniuliza kama sijilaumu. Sijilaumu. Mtoto akiambiwa asome, anasoma. Kinachoniuma ni kwamba nilisoma vizuri, na hakuna aliyenisifu, na nililala na kinyongo hicho kidogo huku nyumba yangu imeshavunjika.

Baba alihamisha godoro chumbani kwa Ami Suleiman. Mama alibaki chumbani kwetu kukaa eda, kama sheria inavyotaka. Baba alimruhusu aendelee kwenda kazini, na ruhusa hiyo aliituma kupitia kwangu. Usiku uleule nilimsikia Ami juu ya ukuta akimweleza: "Ni moja tu, na una nafasi. Maadamu eda haijesha, ukisema nimekurejea, karudi. Si mahari, si harusi. Neno tu." Mimi niligeuka upande wa pili nikalala vizuri. Kwangu lilikuwa jambo lililokwisha, maana Ijumaa nyingine ilikuwa inakuja, na baba maneno hayakuwahi kumwishia.

Filamu hazikuwepo tena. Ijumaa baada ya swala baba alikuja mpaka mlangoni na mkate na laban, maziwa ya mgando ya kule, akasimama nje ya kizingiti.

"Kiyoyozi kinavuja?"

"Kinavuja."

"Nitamwambia mwenye nyumba."

Kisha akaenda. Mama, ambaye tangu msiba hakuwa amejipamba, alikuwa amepaka wanja, amefukiza udi, amevaa dera la zambarau lililokuwa la sikukuu. Nilimwuliza tunakwenda wapi. Akasema hatuendi popote. Nilidhani anaumwa, kwa sababu mtu hujipamba ili atoke, na yeye alijipamba akakaa kitandani, akitazama mlango, mpaka udi ukaisha kwenye chetezo. Ijumaa iliyofuata ilikuwa hivyohivyo, na nyingine. Sikujua wakati ule kwamba mwanamke wa talaka ya namna ile anaruhusiwa kujipamba kwa ajili ya mume wake. Baba aliyajua hayo. Ami alikuwa amemwambia, nilisikia bila kuelewa.

Ijumaa moja eda ikikaribia kuisha tulimsikia baba nyuma ya plaiwudi. Alisema, kwa sauti ileile ya bwana wa ngome, "Mama Zuhura." Mama alikuwa anashona kifungo cha sare yangu. Sindano ikasimama. Auntie Nakato, upande wake, akaacha kutafuna. Baba alikohoa, na tulisikia godoro likilia kama mtu anayeinuka. Tulingoja. Kiyoyozi kilipuliza juu ya kuta zote tatu.

Kisha tukamsikia akimwuliza Ami kama chai imebaki.

Alitusindikiza uwanja wa ndege yeye mwenyewe. Eda ilikuwa imekwisha, na mama alikuwa mwanamke wa watu. Baba alisukuma toroli la mizigo, akatembea mbali naye kidogo kama anavyotembea mtu na mke wa jirani. Kwenye mstari alitoa pasipoti ya mama mfukoni, na badala ya kumpa mkononi aliiweka juu ya begi ili vidole vyao visigusane, na mama akaichukua kutoka pale. Mimi alinikumbatia sana. Aliniambia niendelee kusoma kwa sauti.

Amebaki hukohuko. Hupiga simu sikukuu, na sauti yake bado ni nzuri. Huniuliza kazi, huniuliza afya, kisha tunanyamaza pamoja mpaka mmoja aseme salio linaisha.

Juzijuzi nilikwenda Tanga, na siku moja tukichambua mchele ukumbini nilimwuliza mama kitu ambacho sikuwahi kuthubutu kumwuliza: kama siku ile aliitaka talaka kweli. Aliendelea kutoa chuya.

"Nilitaka pasipoti," alisema. "Talaka niliitaja ili anisikie."

Akapuliza makapi, akauweka ungo chini.

"Na wanja nikapaka, Ijumaa zote zile. Alidhani nampakia nani?"